Gobole, SMG na risasi: kwa nini silaha za kienyeji haziishi Tabora

Kila mara Jeshi la Polisi linapotangaza msamaha kwa wanaomiliki silaha bila kibali, picha inayotufikia baadaye haibadiliki sana. Kuna meza ndefu, kamanda amesimama nyuma yake, na juu ya meza bunduki zimepangwa kwa mstari. Msikilizaji wa Sikonge, Kaliua, Urambo au Uyui akiitazama picha hiyo kwenye simu yake huzitambua nyingi bila kusoma maelezo. Ni magobole. SMG huwa moja au mbili, pengine hakuna kabisa.

Mwaka 2023 serikali ilitoa msamaha wa namna hiyo kwa nchi nzima, kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31. Aliyesalimisha silaha kwa hiari ndani ya miezi hiyo miwili aliahidiwa kutoshtakiwa kwa kuimiliki. Haukuwa msamaha wa kwanza. Na katika kila msamaha magobole hukusanywa, huhesabiwa na huteketezwa, kisha baada ya muda yanaonekana mengine.

Swali tunaloliangalia leo ni hilo. Kwa nini gobole halikwishi? Watu wengi hujibu kwamba ni ujangili, au ni ukaidi. Majibu hayo yana sehemu ya ukweli, lakini yanaruka jambo moja la kawaida kabisa: kila bunduki inahitaji kulishwa, na gobole ndilo bunduki pekee linalokula chochote.

Kila bunduki na kiasi chake

Wazee wa zamani walikuwa na neno zuri kwa risasi nzima, yaani ganda, baruti iliyomo na kichwa cha mbele. Waliiita kiasi. Baruti ilikuwa imekwisha kupimwa kiwandani, mpigaji hakuwa na la kukadiria. Leo tunasema risasi kwa vyote, ganda na kichwa, na maana ile ya kipimo imepotea. Ingefaa tuikumbuke, maana kipimo ndicho kiini cha habari hii.

Bunduki ya kiwandani ina chumba kidogo mwishoni mwa mtutu, upande wa mpigaji. Hicho huitwa chemba. Risasi inaingia humo na kukaa kama mguu ndani ya kiatu cha saizi yake. Fataki iliyo kwenye kitako cha ganda ikigongwa, baruti inawaka, moshi wenye nguvu kubwa unatanua ganda mpaka linagusa kuta za chemba, na kichwa kinasukumwa mbele. Ganda likiwa fupi, refu, nene au jembamba kuliko chemba, kinachofuata hakitabiriki. Pengine risasi haiingii. Pengine inaingia lakini hailipuki. Mbaya zaidi, ganda linapasuka na moto unarudi usoni kwa mpigaji.

Msikilizaji huenda amesikia katika taarifa ya habari kwamba mtu fulani amekamatwa na risasi za 7.62. Namba hiyo ni upana wa tundu la mtutu kwa milimita, na haitoshi kukueleza ni risasi ya bunduki gani. Risasi ya SMG ina ganda la urefu wa milimita 39. Risasi ya bunduki kama G3 au FN nayo huitwa 7.62, lakini ganda lake ni milimita 51. Ukizishika mbili mkononi utaona tofauti mara moja, moja ni kama kidole cha mwisho na nyingine kama kidole cha kati. Haziazimani.

Kuna tofauti ndogo zaidi ya hiyo. Hata bunduki mbili za aina moja, kutoka kiwanda kimoja, chemba zake hupishana kwa unywele. Ganda lililopigwa katika bunduki ya kwanza limekwisha kuchukua umbo la chemba ile. Katika nchi kama Marekani, ambako wawindaji wengi hujaza upya maganda yao kwa ruhusa ya sheria, jambo la kwanza wanalolichunga ni hilo: ganda lililotoka bunduki hii lisipelekwe katika ile mpaka lirudishwe kwenye saizi yake kwa mashine. Anayelipuuza huharibu bunduki, au jicho. Kwetu kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, hivyo kazi hiyo haina mahali halali pa kufanyikia kijijini.

Faida yake kwa usalama wa raia ni kubwa kuliko tunavyodhani. Bunduki ya kiwandani imefungwa kamba na kiwanda. Mwenye SMG iliyofichwa darini, risasi zikimwishia, hawezi kwenda kwa mhunzi. Lazima atafute zilizotoka kiwandani, iwe ni hapa nchini au ng'ambo ya ziwa, ambako vita vya Burundi na vya mashariki mwa Kongo vimemwaga risasi kwa miaka mingi. Njia hiyo inaweza kufuatiliwa. Ganda lenyewe mara nyingi lina alama chini yake, za kiwanda na mwaka, na mpelelezi anayeliokota porini anaanza kazi akiwa na kitu mkononi.

Gobole halina chemba, halina ganda, halina alama.

Njia ya misafara na bunduki za kushindilia

Gobole ni bunduki ya kushindilia. Baruti inamiminwa mdomoni mwa mtutu, inashindiliwa kwa mdeki, kisha vinafuata vyuma, goroli au vipande vya nondo. Kila mlio unapimwa kwa mkono wa mtu na kwa kumbukumbu ya mtu.

Silaha ya namna hii ilifika Unyamwezi kwa njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora, kisha ikaendelea Urambo na Ujiji. Pembe za ndovu zilishuka pwani, vitambaa, shanga na bunduki vikapanda. Katika miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yalibadilisha silaha zao, yakachukua bunduki mpya za kupakia kwa nyuma. Zile za zamani za kushindilia zikabaki bila kazi kwa wingi wa kutisha, na wafanyabiashara wakaziuza Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Charles Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Mtemi Mirambo wa Urambo alijenga nguvu zake juu ya bunduki hizo na vijana waliozibeba, warugaruga. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji na kupigana na Waarabu wa Tabora kwa miaka kadhaa. Ukisoma habari za enzi hiyo utaona kwamba kilio cha watawala kilikuwa baruti kuliko bunduki. Bunduki ilidumu miaka. Baruti ilikwisha, na ilitoka pwani. Aliyeshika njia alishika baruti.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kutia saini mkataba uliozuia, pamoja na mambo mengine, kuingizwa kwa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Lakini mkataba uliacha mlango. Bunduki za gumegume zisizo na mistari ndani ya mtutu, na ile baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuendelea kuuzwa. Wakubwa wale waliona hizo ni za kizamani na hazitawasumbua. Miaka mitatu baadaye, Januari 1893, Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince walipovunja boma la mtemi Isike wa Unyanyembe, Isike aliingia katika ghala lake la baruti akalilipua, yeye akiwa ndani, asikamatwe hai. Ghala lilikuwa na baruti ya kutosha kwa hilo.

Kwa maneno mengine, sheria ya kwanza ya silaha iliyotugusa ilifunga bunduki za kisasa na kuacha gobole. Ukitafuta chanzo cha gobole kuonekana kama chombo cha kawaida cha nyumbani, sawa na shoka au mzinga wa nyuki, anzia hapo.

Wajerumani nao walionja

Kuna kisa kimoja cha vita vya kwanza vya dunia kinachoonyesha ugumu wa kulisha bunduki vizuri kuliko maelezo yangu yote. Hakikutokea Tabora, kilianzia pwani ya Tanga, lakini kiliamua namna vita vilivyopiganwa mpaka huku.

Koloni la Wajerumani lilikuwa limezingirwa baharini na Waingereza. Aprili 1915 meli moja ya Kijerumani ilijipenyeza hadi ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikiwa imebeba bunduki na risasi nyingi. Manowari ya Uingereza ikaipiga, maji yakaingia. Wajerumani wakafanikiwa kuopoa shehena, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Jenerali wao, Paul von Lettow-Vorbeck, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba ililazimu risasi kufunguliwa moja moja, baruti isafishwe, na fataki mpya zitafutwe. Kazi hiyo ilifanyika Moshi, asubuhi hadi usiku kwa miezi. Na baada ya jasho lote hilo, fungu bora la risasi zilizotengenezwa upya lilikuwa na takriban risasi 20 katika kila 100 zisizolipuka. Hizo ndizo zilizopelekwa vitani. Mafungu yaliyokuwa na zaidi ya hapo, hadi 60 katika 100, yalitumika kwa mazoezi. Risasi zilizokuwa nzima tangu mwanzo ziliwekewa bunduki za rashasha peke yake.

Hao walikuwa na mafundi, mizani na karakana. Fikiria mtu mmoja porini mwenye kopo la baruti na kijiko.

Askari wengi wa Kijerumani, Wanyamwezi na Wasukuma wakiwa miongoni mwao, walianza vita na bunduki za Mauser za mwaka 1871 zilizotoa wingu la moshi kila zilipopigwa. Waliposhinda Tanga, Novemba 1914, waliteka bunduki za Waingereza, lakini zilifaa kwa sababu waliteka pia risasi zake laki kadhaa. Risasi ya .303 ya Waingereza na ile ya Mauser mpya ya Wajerumani zinakaribiana kwa macho, lakini ya kwanza ina ukingo kitakoni na ya pili haina, na chemba zake ni mbali. Miaka mitatu baadaye, walipowapiga Wareno huko Ngomano kando ya mto Ruvuma, wengi wao walitupa zile za mwaka 1871 na kuchukua bunduki za Wareno, pamoja na risasi zake. Jeshi lile lilijua kwamba bunduki isiyo na kiasi chake ni gongo la kutembelea.

Turudi kijijini

Gobole la leo kwa kawaida si lile lililopanda na msafara. Ni la kutengenezwa na fundi wa hapa hapa, kwa bomba na kitako cha mti. Halina namba. Baruti yake ni ya kienyeji au ya kuibiwa kutoka kazi za kupasua mawe. Kwa hiyo polisi wakikusanya magobole 20 katika kata moja, na fundi akabaki, na njia ya baruti ikabaki, na sababu ya mtu kutaka gobole ikabaki, wamepunguza idadi kwa msimu mmoja tu.

Sababu zenyewe ziko wazi kwa anayeishi pembeni ya msitu. Tabora ni nchi ya asali. Mlinaji hukaa wiki kadhaa katika miombo, mbali na barabara, kati ya fisi, chui na tembo. Mkulima wa mahindi jirani na pori huamka akakuta kazi ya mwaka imekanyagwa usiku mmoja. Mwingine anataka kitoweo, na mwingine, tusifiche, anataka pembe, na gobole linamfaa kwa sababu maganda hayabaki nyuma yake. Wote hawa wanatumia chombo kimoja, na sheria inapowakuta haina njia rahisi ya kuwatofautisha.

Kuna mahali mipaka imebadilika pia. Pori la Akiba Ugalla, ambalo walinaji na wavuvi waliingia kwa vibali katika miezi maalumu, lilipandishwa hadhi mwaka 2019 na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Katika hifadhi ya taifa, kukutwa ndani bila ruhusa ni kosa, na kukutwa na silaha ni kosa jingine. Watu wengi hawajui kwamba silaha kwa sheria ya hifadhi ni pamoja na panga na mkuki. Mwenye gobole humo anahesabiwa makosa mawili au matatu kwa mpigo.

Ni vizuri kukumbuka kwamba wenyeji wa huku wamewahi kujilinda bila bunduki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe kwa bunduki ukashamiri Nzega, Kahama na Usukumani. Wananchi wakaunda sungusungu, kwa upinde, mshale, filimbi na mbio. Serikali iliwatilia shaka mwanzoni, kisha mwaka 1989 ikawatambua kwa sheria. Sungusungu walikuwa na dosari zao, na baadhi walivuka mipaka kwa ukatili, lakini njia yao inatukumbusha jambo moja: ukichukua bunduki umejifunga kwa anayekuuzia risasi.

Miaka ishirini

Sasa upande wa sheria, ambao ndio unaomgusa msikilizaji moja kwa moja. Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi, namba 2 ya mwaka 2015, inakataza mtu kumiliki silaha au risasi bila leseni. Gobole ni silaha. Hakuna anayesamehewa kwa kusema ni la kienyeji, au ni bovu kidogo, au ni la marehemu baba. Leseni ni ya mtu, hairithiwi. Mzee aliyekuwa na kibali akifariki, kibali kimekufa naye, na familia inatakiwa ipeleke silaha polisi.

Uzito umeongezeka tangu marekebisho ya mwaka 2016, kwa kuwa kosa la kumiliki silaha isivyo halali ni miongoni mwa makosa ya uhujumu uchumi. Kesi ya namna hiyo haiendi bila idhini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na adhabu yake baada ya kutiwa hatiani huanzia kifungo cha miaka 20 hadi 30. Wako waliohukumiwa miaka 20 kwa gobole moja.

Hapa mwandishi ana la kusema. SMG na gobole si silaha za hatari sawa. Moja inatoa risasi 30 kabla mtu hajageuka, nyingine inatoa mlio mmoja na kumwacha mpigaji akishindilia upya, kama haijamlipukia mkononi. Sheria inayoanza na miaka 20 kwa zote mbili inamnyima hakimu nafasi ya kumwangalia mtu aliye mbele yake: je, ni jangili wa pembe, au ni mzee aliyeficha darini kitu alichoogopa kukitaja? Zaidi ya hayo, adhabu ikiwa nzito kiasi hicho, anayelo anazidi kulificha. Na polisi wanabaki wakingoja msamaha unaofuata.

Wanaopinga hoja hii wana lao. Gobole limeua watu, limetumika katika uporaji barabarani, na tembo hajali aliuawa kwa chuma cha aina gani. Ni kweli. Lakini kama lengo ni magobole yaishe, nguvu ingeelekezwa kwa anayeyatengeneza na anayeuza baruti, wachache wanaojulikana, kuliko kwa kila mwenye nyumba iliyo na mtutu wenye kutu. Na ombi la mkulima kwamba askari wa wanyamapori wafike kabla shamba halijaisha lingejibiwa kwa haraka kuliko sasa, maana hilo ndilo linalowapa mafundi wateja.

Kama lipo nyumbani kwako

Usijaribu kulipiga ili kulimaliza. Gobole la zamani laweza kuwa limeshindiliwa miaka mingi iliyopita na aliyelishindilia amekwisha kufa. Baruti iliyokaa huweza kuwaka bado, na mtutu wenye kutu hauna nguvu uliokuwa nayo. Usilisafishe kwa moto, usiingize kitu mdomoni mwake, usiwaachie watoto waligeuze kuwa mchezo. Wala usilibebe kwenye bodaboda kwenda kituoni bila mtu yeyote kujua, kwa sababu ukikamatwa njiani maelezo yako yatakuwa neno lako dhidi ya kitu kilichomo kwenye gunia.

Wakati wa msamaha, kama ule wa 2023, silaha hupokelewa vituo vya polisi na katika ofisi za serikali za mitaa, za mtendaji wa kata kwa mfano. Nje ya kipindi hicho ile ahadi ya kutoshtakiwa haipo. Kwa hiyo kabla ya kuligusa, zungumza na msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, wapo katika wilaya nyingi na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Mwulize akusaidie kuandika maelezo ya namna silaha ilivyofika kwako, na aende nawe kwa mtendaji au kwa polisi kata ili wao ndio waje kulichukua lilipo.